Nilimwekea Pingamizi Mchumba Wangu kwa Sababu ya Kompyuta

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, sijaolewa, na kabla hamjaanza kunitafutia sababu… ngoja niwaambie mwenyewe. Sikukosa mchumba. Nilikuwa naye, tena wa haja! Jina langu na lake yalisomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Jumapili ya tatu hayakusomwa, na aliyezuia ni mimi, kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba haikuwa riziki. Nimechoka kudanganya. Leo naandika ilivyokuwa.

Nilizaliwa Nkoaranga, kwenye nyumba ya kahawa na migomba, mtoto wa tatu wa mkulima. Nilipokuwa msichana, soko huria lilikuwa limefika mpaka kwetu mlimani. Wanunuzi binafsi walipanda na mizani zao hadi mlangoni, na mmoja wao akawa rafiki wa baba. Kila msimu alikunywa chai kwetu na kumwita baba "mzee wangu". Kumbe mizani yake ilikuwa imechezewa! Baba alipogundua hakugombana na mtu. Alikaa tu uani, kimya, siku nzima. Mama akatuambia sisi mabinti kwamba mtu akikuchekea sana, wewe angalia anachofanya.

Basi nikakua naangalia. Muuza nyanya akinichagulia nzuri, nazigeuza chini juu. Fundi cherehani akisema kitambaa hakikutosha, namwambia anionyeshe vipande. Nilijiona mjanja. Nani angenipata mimi, Anande?

Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipofungua studio ya video pale Usa River, chumba kimoja kando ya barabara ya Moshi. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Kila harusi, kila sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, kila kipaimara, watu walitaka mkanda, tena wenye muziki na majina yanayopita chini. Kazi ya kuhariri nilijifunza Arusha mjini kwa mwenye studio mmoja mkali kama pilipili. Nilipojitegemea nikanunua kompyuta ya mtumba, na hapo ndipo nilipompata Anaeli.

Anaeli naye alikuwa wa kwetu Nkoaranga, ila nyumba yao ilikuwa juu zaidi. Alikuwa fundi umeme kwenye shamba moja la maua, kazi yake kuangalia chumba cha baridi. Siku tatu za wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alikuwa shambani. Siku nyingine alikuwa kwangu. Mwanzoni alikuja kutengeneza kompyuta, baadaye akaja hata isipokuwa imeharibika… mnanielewa. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu mpaka unaweza kudhani hakukusikia. Mimi naongea kama cherehani, yeye anaongea kama bomba la kiangazi. Tulipendana hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni shida iliyokuwepo. Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Kwetu umeme ulirudi saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Muda wa saa kumi tu! Na mkanda wa harusi, nikishamaliza kukata na kupanga picha, kompyuta ilihitaji saa kumi na mbili kuuchakata. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Wateja walianza kunung'unika, na mama wa bibi harusi mmoja aliniuliza kama nafanya kazi au nacheza.

Anaeli akasema tuiongeze mashine kasi. Mimi nikadhani anatania. Inaongezwaje, kwa mafuta?

Akanieleza taratibu. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ilitoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi ya megahezi mia saba. Lakini mara nyingi chipu inaweza zaidi ya ilivyopangiwa, ni vile kiwanda hakitaki lawama. Unapoiwasha mashine, kabla haijaamka sawasawa, unabonyeza kitufe, unaingia kwenye ukurasa wa bluu wa mipangilio, unaipandisha mwenyewe kwa mkono. Ubaya wake ni joto. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyochemka, na ikichemka inakosea hesabu, inaganda au inajizima.

Basi hakukurupuka. Alipandisha kidogo tu, halafu akaifungulia programu ambayo haina kazi nyingine ila kupiga hesabu ndefu na kujisahihisha yenyewe. Programu ile ilikimbia tangu tukinywa chai ya asubuhi mpaka umeme unaondoka. Jibu moja likikosewa, moja tu, anarudi nyuma hatua moja. Lisipokosewa, siku nyingine anaongeza tena. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari la mraba: siku, kasi, umeme unaoingia kwenye chipu, joto, na imekimbia saa ngapi. Jambo hilo lilichukua wiki tano. Mimi nilimcheka, nikamwambia hata mtoto mchanga hapimwi hivyo kliniki.

Mwisho akaifikisha mia tisa na thelathini, na ikakaa. Mkanda wa saa kumi na mbili ukawa wa saa tisa! Ukianza saa moja asubuhi, saa kumi jioni umemaliza, na umeme bado upo. Nilimkumbatia mbele ya wateja, yeye akaona haya mpaka masikio.

Aliniachia sharti moja. Alikuwa ameondoa bati la ubavuni la kasha, akaweka feni ya ziada, akasema mashine ibaki wazi vile vile, isifunikwe na chochote.

Sasa jamani… ninyi mnajua nyumba zetu. Redio ina kitambaa. Makochi yana vitambaa. Meza, kabati, televisheni, hata chupa ya chai ina kofia yake. Mama yangu alikuwa amenitarizia kitambaa kizito cheupe, chenye maua mekundu na bitana ndani, zawadi ya kufungua studio. Halafu mimi nikae na mashine iliyo uchi, waya nje nje, mbele ya watu wanaokuja kuzungumzia harusi zao? Na vumbi la barabara ile lilivyokuwa! Mteja mmoja aliniuliza kama ile mashine imekufa nasubiri kuizika. Niliona aibu kweli.

Kwa hiyo siku Anaeli akiwa kwangu, niliiacha wazi. Siku akiwa shambani, niliifunika vizuri, mbele mpaka nyuma, nikaacha skrini tu. Jioni kabla hajapita kunisalimia, nakunja kitambaa naweka kwenye droo. Sikuona kama ni kosa. Redio ya nyumbani ilifunikwa mwaka mzima na iliimba tu! Nilikuwa naepuka mabishano, basi.

Mwezi haukuisha, mashine ikaanza kuganda. Inakimbia vizuri asubuhi, ikifika katikati ya kazi picha inasimama, kipanya hakiendi, ukisubiri kidogo inajizima na kujiwasha upya. Kazi ya saa nne imepotea. Nikamwambia Anaeli. Alhamisi akaja, akaifungulia ile programu yake ya hesabu, ikakimbia toka asubuhi mpaka jioni bila kosa hata moja. Ijumaa hayupo, ikaganda. Jumamosi yupo, safi. Jumatatu hayupo, ikaganda mara mbili!

Hapo machale yakanicheza.

Nilianza kuandika siku kwenye kalenda ya ukutani. Alama ya msalaba siku iliyoganda, nukta siku iliyokwenda. Wiki tatu zilipopita nikasimama mbele ya ile kalenda nikaanza kuhesabu. Misalaba yote ilikuwa siku zake za shambani. Yote! Hata mmoja haukukosea. Mnataka ushahidi gani zaidi ya huo? Mashine inajuaje kwamba mwenyewe hayupo, kama hajaifundisha?

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Glori, alikuwa muuza vitenge, mama wa Kichaga aliyeishi Usa River siku nyingi. Nilimwonyesha kalenda. Akaguna tu. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mwanamume akiona mwanamke anasimama mwenyewe, wakati mwingine humfungia kamba asiyoiona, ili kila siku amwite. Sikumwomba anieleze zaidi. Maneno yale yaliingia yakapata nafasi tayari imeandaliwa.

Kuanzia siku ile nilimtazama Anaeli kwa jicho jingine. Akiingia ukurasa wa bluu, nasimama nyuma yake. Akinyamaza, nasema anapanga. Akicheka, nasema anacheka nini? Akiniletea ndizi mbivu kutoka kwa mama yake, nakula, lakini moyoni najiuliza za nini leo. Yeye alikuwa anakonda kwa kutafuta ile hitilafu, mimi nikawa naona anakonda kwa dhamiri kumsuta. Mungu anisamehe.

Wakati huo huo mipango ya ndoa inaendelea! Washenga wameshakuja kwa baba, wazee wamekubaliana, kamati ya sendofu imeshakaa. Jumapili ya kwanza tangazo letu likasomwa kanisani, watu wakageuka kututazama, mama akafuta macho kwa khanga. Mimi nikatabasamu huku nikimchungulia Anaeli kwa pembeni.

Wiki hiyo mambo mawili yakatokea.

La kwanza, Mama Glori alitoka sokoni Tengeru, akaniambia amemwona Anaeli akitoka kwenye studio ya video ya huko huko, ya mpinzani wangu wa biashara, amebeba kitu kwenye mfuko wa karatasi. Nilimwuliza Anaeli alishinda wapi. Akafikiri kwanza, kama kawaida yake, halafu akasema alikuwa na shughuli Tengeru, nitaona. Nitaona! Nikajisemea kweli nitaona.

La pili, alisahau daftari lake studio. Nikalifungua. Kwenye kurasa za mwisho nikaona namba za kasi zinashuka. Mia tisa na thelathini. Mia tisa. Mia nane na sabini. Alikuwa anaipunguza mashine yangu kasi bila kuniambia! Sikusoma zaidi. Nililifunga kama mtu aliyekuta nyoka, nikalirudisha mahali pake.

Jumapili ya pili tangazo likasomwa tena. Mchungaji akasema kama ilivyo desturi, mwenye pingamizi alilete ofisini. Nilikuwa nimekaa kati ya mama na shangazi, na nikajua kwamba mwenye pingamizi ni mimi.

Jumatatu niliandika barua. Nilieleza kwamba mchumba wangu si mwaminifu, ameichezea mashine inayoniweka mjini ili nishindwe, na ana mawasiliano na mpinzani wangu wa biashara. Nikasema siwezi kwenda madhabahuni na mtu wa namna hiyo. Nikatia sahihi. Hata baba sikumwambia. Hata Anaeli mwenyewe sikumwuliza! Kwa nini nimwulize? Mtu wa mizani naye angeulizwa angesema nini?

Mchungaji alituita wote wawili Alhamisi. Alikuwepo pia mzee wa kanisa, Mzee Samweli, ambaye zamani alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya walowezi. Nilisalimia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikakaa mbali na Anaeli. Barua ikasomwa mbele yake neno kwa neno. Nilimwona anavyoipokea. Hakukasirika. Alinitazama mara moja kana kwamba ananitafuta, halafu akatazama chini.

Mchungaji akamwuliza ana la kusema. Akaomba jambo moja tu, kwamba mashine ijaribiwe mbele ya Mzee Samweli, asubuhi mpaka jioni, kama alivyokuwa akiijaribu siku zote.

Jumamosi tukakaa studio watu watatu. Anaeli alikuwa na ule mfuko wa karatasi wa Tengeru. Akatoa feni kubwa, akasema ameiomba kwa yule mwenye studio, kutoka kwenye mashine yake iliyokufa, alitaka kuifunga siku hiyo aniambie tatizo limekwisha. Mzee Samweli akamwambia asifunge kwanza, tuone ilivyo. Basi akairudishia mia tisa na thelathini, akafungua programu ya hesabu, akakaa kwenye benchi mikono magotini. Saa moja, saa mbili, saa sita, saa tisa. Hakuna kosa. Umeme ulipokaribia kuondoka mashine bado ilikuwa inahesabu.

Mimi nikaruka! Nikamwambia Mzee Samweli aone sasa, mwenyewe akiwepo inakwenda, ndicho nilichoandika. Mzee akakuna kidevu. Akasema basi turudie Jumatatu, kijana akiwa kazini kwake, yeye mzee atakaa peke yake na mimi, na tangazo la tatu lingoje wiki moja.

Jumatatu Mzee Samweli alifika mapema na gazeti lake. Anaeli alikuwa shambani. Nikawasha mashine, nikaifungulia ile programu kama nilivyoona inafanywa, mzee akakaa pale pale kwenye benchi. Halafu nikafanya ninachofanya kila siku Anaeli akiwa shambani.

Nilifungua droo, nikatoa kitambaa cha mama, nikakikung'uta, nikaifunika mashine. Mbele mpaka nyuma. Nikanyoosha pindo. Nikakaa.

Haikufika saa nzima. Skrini ikasimama, mashine ikazima, ikajiwasha. Nikainuka kwa ushindi, nikasema unaona, baba? Unaona sasa?

Mzee Samweli hakuitazama skrini. Alikuwa anatazama maua mekundu. Akaweka gazeti chini, akasogea, akainua kitambaa, akaingiza mkono karibu na lile bati lililo wazi. Akautoa haraka.

"Binti," akasema, "hii imechemka kama trekta iliyozibwa rejeta. Mbona Jumamosi hukuifunika?"

Jamani… Nikaitazama kalenda ukutani, ile misalaba, siku za shambani zote. Siku za kitambaa zote! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na kalenda yangu.

Mzee hakunisema. Alikikunja kile kitambaa taratibu, akakiweka mezani, akaomba maji ya kunywa. Sijui alikuwa na kiu kweli au alitaka kunipa nafasi ya kutoka nje nikalie. Nililia nyuma ya choo, nimeshika ndoo ya maji.

Lakini wasomaji, nisiwadanganye. Hata pale nililia kwa aibu tu. Nilijua ni kosa, ila nililiona ni kosa dogo. Kitambaa! Nitaomba msamaha, atacheka, siku moja tutawasimulia watoto. Jumapili ya tangazo la tatu ilikuwa bado siku sita, na Mchungaji alikuwa amesema tangazo linaweza kuendelea tukielewana.

Jumatano jioni tukakutana tena ofisini kwa Mchungaji. Nilivaa vizuri. Nikasimama, nikaomba radhi mbele ya wazee, nikasema sikujua kwamba kitambaa kinaweza kuleta madhara, nilikuwa nalinda mashine na vumbi. Mchungaji akafurahi, akaanza hata kutafuta kitabu chake cha matangazo.

Anaeli akatoa daftari la mraba, akalifungua kurasa za mwisho, akaliweka mbele yangu. Zilikuwa zile kurasa nilizoziona. Ila safari hii nilisoma mpaka safu ya kulia, ile niliyokuwa sijaifikia. Alikuwa ameandika sababu zote zinazoweza kuigandisha mashine, na kila sababu ameikata kwa mstari baada ya kuichunguza. Umeme mdogo. Kumbukumbu mbovu. Feni imelegea. Kasi kubwa mno, amepunguza, bado inaganda. Katikati ya orodha palikuwa na neno "kufunikwa". Nalo lilikatwa. Pembeni yake ameandika kwa herufi ndogo: *nimemuuliza Anande, anasema haifuniki.*

Nilikuwa nimesahau! Nawaapia, nilikuwa nimesahau kabisa. Aliniuliza wiki ya kwanza tu ya matatizo, nikiwa namenya ndizi, kama huwa naifunika. Nikasema hapana. Bila hata kuinua kichwa. Uongo mdogo wa kuepuka kelele, wa kupita, na dakika ile ile ukanitoka akilini. Yeye aliuandika. Akalikata lile neno, na hakulirudia tena.

"Sikukasirika kwa ajili ya kitambaa," Anaeli akasema. "Nilikuamini, Anande. Ndiyo maana sikuiona hitilafu."

Kisha akamgeukia Mchungaji. Akasema kwa heshima kwamba tangazo lisiendelee. Mimi nikamshika mkono mbele ya wazee bila haya, nikamwambia nimekosa, niulize chochote sasa nitakujibu kweli. Akauacha mkono wake pale kidogo. Akafikiri, kama kawaida yake.

"Wewe uliandika barua kabla ya kuniuliza," akasema. "Nitakuwa naisubiri nyingine kila siku."

Jumapili hiyo zilisomwa ndoa za watu wengine. Mama hakuja ibadani. Kamati ya sendofu ilivunjika bila hata kikao. Baba aliniita uani, nikakaa karibu naye nikisubiri maneno, akasema tu kwamba yule mtu wa mizani alimwibia yeye kahawa tu, lakini mimi ameniibia zaidi. Hayo tu. Mpaka leo sijapata kuambiwa neno lililonichoma kuliko hilo.

Wiki iliyofuata Anaeli alikuja studio mara ya mwisho. Nilidhani moyo wake umelainika, nikamvutia kiti. Hakukaa. Akaingia ukurasa wa bluu, nikamwona anashusha kila alichopandisha kwa wiki tano, mpaka mia saba. Akarudisha bati la ubavuni, akakaza skrubu zote. Akaniambia sasa iko kama ilivyotoka kiwandani, itakwenda polepole lakini haitanisumbua, hata nikiifunika. Nikamwambia siitaki hivyo, aiache ya kwake. Akasema akiiacha, siku ikiganda nitamfikiria yeye. Kisha akanitakia kazi njema na kuondoka, na ile feni kubwa akaniachia juu ya meza.

Sikuwahi kumwita fundi mwingine aipandishe. Sijui kama ni heshima au ni adhabu niliyojipa.

Karibu miaka miwili ilipita. Mgao ulikuwa umekwisha. Siku moja akaja mzee mmoja wa Maji ya Chai, mchangamfu, na kanda tatu ndogo. Mtoto wa ndugu yake amefanyiwa sendofu, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga picha kwa kamera aliyoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo, sasa anataka mtu wa kuzipanga na kuweka muziki. Nikapokea kama ninavyopokea kazi zote. Hakunijua, nami sikumjua.

Niliweka kanda ya kwanza. Bibi harusi msichana mzuri, mweupe wa uso, anacheka na meno yote. Kanda ya pili ikafika pale MC anamwambia amtafute bwana harusi wake alikojificha. Mnaijua hiyo desturi. Muziki ukapigwa, msichana akaanza kupita katikati ya viti akicheza, anamtazama huyu usoni, anatingisha kichwa, anamtazama yule. Ukumbi unashangilia. Akafika kiti cha nyuma kabisa, karibu na ukuta, akasimama.

Alikuwa Anaeli. Ameona haya mpaka masikio.

Msichana hakumtazama mara mbili. Alimshika tu mkono akamwinua, kana kwamba alijua tangu mwanzo amekaa wapi.

Ningeweza kurudisha kanda, nikasema naumwa. Ningesema nini kwa yule mzee? Nilikata, nikapanga, nikaweka muziki, nikaandika majina yao yapite chini ya picha. Nilihakiki herufi za jina lake mara tatu. Kisha asubuhi moja nikaifungulia mashine ichakate.

Saa kumi na mbili, ndugu zangu. Kwa kasi yake ingekuwa tisa. Nilikaa pale kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni naangalia mstari unavyosogea, na picha zao zinapita moja moja kwenye kona ya skrini, polepole, polepole… Haikuganda hata mara moja.

Mzee alipokuja kuchukua mkanda alisifu kazi. Akaniuliza kama nami nina familia. Nikamwambia bado.

Wewe dada unayesoma hapa, na wewe kaka pia, nakuomba kitu kimoja. Ukiona dalili kwa mwenzako, kabla hujaweka misalaba kwenye kalenda, kabla hujapeleka barua kwa wakubwa, mwulize. Mwulize uso kwa uso, usubiri jibu hata akichelewa kulitoa. Na yeye akikuuliza jambo, hata liwe dogo la jikoni, mwambie kweli, kwa sababu huenda anajenga juu ya hilo jibu lako na wewe umeshalisahau.

Mimi nilijifunza kumchunguza kila mtu. Sikuwahi kukaa nikajichunguza mwenyewe hata kwa asubuhi moja. Nanyi msije mkapita nilikopita… nawasihi.